Dua, amka: msimbo wa siri katika maandiko ni nini?

Shemeji yangu analima zabibu Hombolo, na akija mjini hupitia kwangu. Juzi aliingia na simu mkononi kabla hata ya "mbukwenyi", salamu ya Kigogo. Alikuwa amerushiwa video ya mhubiri anayesema kwamba chini ya maneno tunayoyasoma katika Biblia kuna maneno mengine yaliyofichwa, na kompyuta imeyafichua: majina ya viongozi, vita, hata tarehe. "Shemeji, wewe ndiye mwalimu wa hesabu," akaniambia. "Hii kodi ya Biblia ni ya kweli?"

Neno kodi tuwaachie watu wa mapato. Kwa Kiswahili ni msimbo: alama au herufi zinazosimama badala ya maneno, zenye ufunguo ambao mwandishi na msomaji wake wanaujua. Sisi tumezoea fumbo, lakini fumbo si msimbo. Ukimfumbia mtu, anang'amua kwa akili na kwa kuyajua mazingira yenu; hakai chini kuhesabu herufi. Mifano ya Yesu iko upande huo wa fumbo. Msimbo hausomeki bila ufunguo, na ufunguo huo lazima uwepo kabla ujumbe haujaandikwa. Neno "kabla" ulishike, maana ndilo litakaloamua kesi hii.

Jibu langu la kwanza lilimshangaza: misimbo imo. Fungua Yeremia 25:26, utamkuta mfalme wa Sheshaki, nchi usiyoweza kuiona kwenye ramani yoyote. Waandishi wa Kiebrania walikuwa na mbinu inayoitwa atbash: herufi ya kwanza ya alfabeti hubadilishana nafasi na ya mwisho, ya pili na ya pili kutoka mwisho, na kuendelea hivyo hivyo katika herufi zote 22. Kiebrania cha kale hakiandiki irabu kama sisi, kwa hiyo Babeli ni b-b-l. Herufi b ni ya pili, inageuka kuwa sh, ambayo ni ya pili kutoka mwisho. L inageuka kuwa k. Unapata sh-sh-k, Sheshaki. Na wala si siri ya kutisha, kwa sababu mlango wa 51:41 unataja Sheshaki na Babeli katika aya moja.

Kuna pia ufundi wa herufi za mwanzo. Zaburi 119 ina aya 176, yaani mafungu 22 ya aya nane nane, na kila fungu lina herufi yake inayoanzisha aya zake zote, kuanzia ya kwanza ya alfabeti hadi ya mwisho. Waswahili wa pwani waliotunga dura mandhuma, mashairi yanayofuata mpangilio wa alfabeti, wangemtambua mtunzi huyo kuwa ni mwenzao. Katika Biblia ya Kiswahili ufundi huo umepotea, kwani mfasiri hawezi kubeba maana na herufi kwa pamoja.

Halafu kuna abjadi, ambapo kila herufi ya Kiarabu ina thamani ya namba. Alif ni 1, ba ni 2, jim ni 3. Ukijumlisha herufi za Bismillahi nzima kwa hesabu hiyo unapata 786, ndiyo maana wapo wanaoandika namba hiyo mahali pa maneno yenyewe. Waebrania nao walihesabu hivyo. Mwandishi wa Ufunuo 13:18 anamwambia mwenye akili aihesabu namba ya mnyama, 666. Andika "Kaisari Nero" kwa herufi za Kiebrania, neron kesar, ujumlishe: 50, 200, 6, 50, 100, 60, 200. Jumla yake ni 666. Baadhi ya nakala za kale zina 616, na hilo nalo linaeleweka: ukilitamka jina kama Warumi, Nero bila n ya mwisho, 50 inapungua. Wataalamu wengi wa Agano Jipya wanaona huyo ndiye aliyekusudiwa, mfalme aliyewatesa Wakristo wa Roma. Hiyo haijazuia watu, kila kinapoingia kitu kipya chenye namba, kumtafuta mnyama upya.

Video ya shemeji haikuhusu hayo hata kidogo. Ilihusu kuruka herufi. Unaondoa nafasi zote kati ya maneno, maandiko yanakuwa uzi mmoja mrefu wa herufi, kisha unachukua herufi moja, unaruka idadi fulani, unachukua nyingine, unaruka idadi ile ile. Rabi mmoja wa Slovakia, Michael Ber Weissmandl, aliona bila kompyuta kwamba ukianzia t ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo na kuchukua kila herufi ya hamsini, unapata neno Torah, jina la Kiebrania la vitabu vitano vya Musa. Mwaka 1994 Waisraeli watatu, Doron Witztum, Eliyahu Rips na Yoav Rosenberg, walichapisha katika jarida la takwimu la Statistical Science makala iliyodai kwamba majina ya marabi mashuhuri yanajitokeza ndani ya Mwanzo karibu na tarehe zao za kuzaliwa au kufa, kwa namna isiyoelezeka kwa bahati nasibu. Mwaka 1997 mwandishi wa habari Mmarekani, Michael Drosnin, akalipeleka jambo hilo mbali zaidi katika kitabu kilichouzwa sana, akisema mauaji ya Yitzhak Rabin, waziri mkuu wa Israeli, ya mwaka 1995 yalikuwa yameandikwa humo. Rips mwenyewe alijitenga na kazi ya Drosnin.

Sikutaka kubishana na shemeji. Nilimwomba aniambie chochote kuhusu kazi yake. Akasema: zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Nikaandika nyuma ya bahasha:

ZABIBUZADODOMAHUVUNWAMARAMBILIKWAMWAKA

Herufi 38. Anzia D ya pili ya Dodoma, ruka nne, chukua ya tano. Unakutana na U ya kwanza ya huvunwa, kisha A yake ya mwisho: DUA. Endelea kutoka kwenye A hiyo hiyo kwa hatua ile ile: M ya mbili, K ya kwa, A ya kwanza ya mwaka. AMKA. Dua, amka, kwa hatua ya tano, na swala kwa siku ni tano! Shemeji alinyamaza. Nami nakiri nywele zilinisimama kidogo, ingawa nilijua ninachokifanya.

Nilichokuwa nimekifanya ni hiki. Kwanza nilitafuta MVUA, sikuipata. Nikatafuta NJAA, haimo. Kwa hatua ya tatu nikapata ADA, kuanzia A ya "za". Kwa hatua ya nne nikapata VAA, kuanzia V ya huvunwa. Nilipofika ya tano nikaokota vilivyokuwepo, nikavitungia mahubiri. Kiswahili hurahisisha mchezo huu kwa kuwa silabi zake karibu zote huishia irabu. Katika sentensi ile irabu ni 17. Kiebrania kinaurahisisha zaidi: kwa kuwa irabu nyingi haziandikwi, konsonanti tatu zikikaa pamoja mara nyingi zinasomeka kuwa neno, pengine maneno mawili au matatu tofauti.

Sasa panua. Vitabu vitano vya Musa, kama vinavyonakiliwa leo, vina herufi 304,805. Chukua neno la herufi nne. Tukichukulia kwamba herufi zote 22 hutokea kwa usawa, nafasi ya kulipata mahali fulani ni moja katika 234,256. Kwa hatua moja tu ya kuruka unategemea kulipata mara moja hivi. Jaribu hatua 1,000, mbele na nyuma, na neno lile lile litajitokeza zaidi ya mara 2,500. Jambo la ajabu lingekuwa kulikosa.

Drosnin aliwahi kusema kwamba wanaompinga wakipata mauaji ya waziri mkuu ndani ya Moby Dick, hadithi ya nyangumi ya karne ya 19, atawaamini. Mwanahisabati wa Australia, Brendan McKay, akayatafuta na kuyapata, ya Indira Gandhi wa India yakiwemo. Mwaka 1999 yeye na wenzake watatu walijibu makala ya 1994 katika jarida lile lile. Walionyesha kwamba majina na vyeo vya marabi vingeweza kuandikwa kwa namna nyingi, na uhuru huo wa kuchagua ulitosha kuzaa matokeo yale. Wakapata matokeo ya aina hiyo hiyo katika tafsiri ya Kiebrania ya Vita na Amani, riwaya ya Mrusi Tolstoy. Ufunguo ulikuwa unachongwa baada ya kuona kufuli.

Na uzi wenyewe haukuwa mmoja. Hati za Bahari ya Chumvi, nakala za kale za maandiko ya Kiebrania zilizoanza kupatikana mwaka 1947, mara nyingi huandika neno lile lile kwa kuongeza au kupunguza herufi. Maana haibadiliki, lakini herufi moja ikizidi, kila hatua inayopita juu yake inavunjika.

Upande wa Kurani yaliwatokea hayo hayo. Rashad Khalifa, mtaalamu wa biokemia mzaliwa wa Misri aliyeishi Marekani, alidai mwaka 1974 kwamba Kurani imefumwa kwa namba 19: sura 114 ni 19 mara 6, na Bismillahi ina herufi 19. Hesabu zingine zilipogoma, akafika mahali pa kusema aya mbili za mwisho za Sura ya 9 si za Kurani, na Waislamu walio wengi wakamkataa. Mimi naona hapo alikuwa ameuweka ufunguo juu ya kitabu. Zile herufi za mkato zinazofungua sura 29, kama Alif Lam Mim, zimo mbele ya macho ya kila msomaji, na wafasiri wengi wamesema tu kwamba Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye maana yake.

Shemeji aliichukua ile bahasha, akaigeuza huku na huku, akahesabu kwa kidole kutoka A ya "za".

"MVUA nakubali haimo," akasema. "Lakini hii ADA usiikane, shemeji. Chuo kinafunguliwa Jumatatu, na ndiyo iliyonileta."