Klipu za beki mpya zinakudanganya

Dirisha la usajili likifunguliwa tu, simu yangu hujaa klipu. "Mwalimu, chuma kimeshuka, hebu kione!" Nafundisha mabeki wa vijana, na hakuna dhana inayonichosha kama hii: kwamba beki anayeteleza sana na kukata mipira mingi ndiye beki kisiki, basi hata kwetu atatisha.

Juzi kijiweni kijana mmoja alinionyesha klipu ya aina hiyo. Beki anateleza, mpira unatoka nje, jukwaa linalipuka. Nikamwambia airudishe nyuma sekunde tatu, aisimamishe. Straika ameshageuka. Beki bado kasimamia visigino, macho yote kwenye mpira, mgongoni hajatazama hata mara moja. Aliteleza kwa sababu alichelewa! Aliyejipanga mapema angeukuta mpira ule akiwa wima, akautuliza, akaanzisha shambulizi, na hakuna ambaye angehangaika kumkatia klipu.

Hapo hujauliza timu yake ya zamani ilichezaje. Timu inayopaki basi hukabia kwenye boksi lake, kwa hiyo beki anashinda akizuia mashuti na kupiga vichwa. Lazima namba zake ziwe kubwa, maana mpira haumtoki mlangoni. Mlete kwenye timu inayomiliki mpira: mabeki wanapanda hadi karibu na duara la kati, nyuma yao kuna mita 40 tupu, na pasi moja ndefu inatosha kumwanika. Sasa anatakiwa asome pasi kabla haijapigwa, ageuke haraka, atoe pasi safi huku amebanwa. Mtu ni yuleyule, kazi ni nyingine kabisa. Ndiyo maana kila anayeniuliza namwambia atafute mechi nzima, dakika zote 90, na mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja amtazame beki wake peke yake. Anasogea? Anawapanga wenzake? Anageuza shingo? Mechi mbili za hivyo zitakuambia mengi kuliko klipu mia.

Eti mfupi hawezi kucheza beki wa kati. Fabio Cannavaro ana sentimita 176, na Italia aliyoiongoza kutwaa Kombe la Dunia 2006 ilifungwa mabao 2 tu mashindano mazima: moja la kujifunga, jingine la penalti.

Eti katoka timu ndogo. Andrew Robertson alitoka Hull City iliyoshuka daraja mwaka 2017. Mei 2018 alianza fainali ya Ligi ya Mabingwa akiwa na Liverpool. Beki wa kati Ibrahim Bacca naye Yanga ilimtoa KMKM ya Zanzibar, akawa nguzo ya ukuta wao, na hapo sina haja ya kueleza zaidi.

Eti mechi ya kwanza imetosha, huyu ni garasa. Hii inaniuma, maana nimeona vijana wakizomewa hadi miguu ikawa mizito. Januari 2006 Patrice Evra alicheza mechi yake ya kwanza Manchester United, dhidi ya Manchester City, akatolewa mapumziko. Aliondoka klabuni hapo na mataji 5 ya ligi. Beki mgeni hajui bado kipa wake hutoka kwenye krosi zipi, wala beki wa pembeni hupanda lini na nani humfunikia. Mwacheni acheze mechi 10, ndipo mniletee hizo simu zenu tubishane.