f/22 haitaliokoa ua lako: dhana potofu kuhusu picha za maua ya porini

“Ukitaka ua zima litoke safi, funga tundu la lenzi hadi f/22.” Kauli hii imenichosha. (Namba ya f ikikua, tundu la kupitishia mwanga linapungua.) Kila msimu wa mvua ninapoongoza wapiga picha Kitulo, kusini mwa Tanzania, kule Bustani ya Mungu kwenye mita kama 2,600 juu ya usawa wa bahari, begi halijafungwa zipu mtu ameshazungusha namba hadi mwisho. Jioni ananiletea okidi zilizofifia, analaumu lenzi.

Lenzi haina kosa. Unapopiga kwa ukubwa halisi, yaani 1:1, ua likitua kwenye sensa kwa ukubwa wake lenyewe, namba uliyoiweka siyo inayofanya kazi. Mwanga umepungua kwa stopu mbili, yaani umebaki robo, na f/22 yako imekuwa f/44. (Nikon ikivaa lenzi yake ya makro (ya kupigia vitu vidogo kwa karibu) huonyesha namba halisi, Canon hukuachia ujihesabie.) Mwanga ukibanwa kwenye kitundu kidogo hivyo hutawanyika, na vinyweleo vya petali vinakuwa uji. Faida yake sasa? Kwa sensa ya fulfremu (ile kubwa, ya milimita 36 kwa 24), f/8 hukupa kina cha fokasi, yaani unene unaotoka safi, cha milimita 1 hivi, na f/22 milimita 2.5. Ua la Satyrium, aina ya okidi, kuanzia mdomo hadi ncha za vile vijipembe viwili vya nyuma, linazidi hapo kwa mbali. Umeharibu picha nzima kwa ajili ya milimita moja na nusu!

Kinachosaidia ni pembe. Amua ni sehemu gani ya ua unayoitaka, kisha mgongo wa kamera uwe sambamba nayo. Mimi hubaki f/8 au f/11, naweka fokasi kwa mkono mara moja, halafu pete ya fokasi siigusi tena: nasogeza mwili mbele na nyuma, polepole, mpaka mdomo wa ua uingie. Ukililia ua zima, rudi nyuma. Kwa nusu ya ukubwa halisi, f/11 hukupa karibu milimita 4, na picha utaikata baadaye. Kuunganisha picha nyingi zenye fokasi tofauti nako kupo, ila upepo ukubali, na Kitulo haukubali mara nyingi.

“Lenzi ni ya milimita 100, basi kasi ya sekunde 1/100 inatosha.” Kwa mandhari, sawa. Ukiwa karibu hivi, mtikisiko wa mkono hukuzwa pamoja na ua. Anzia 1/250. Na stendi hutuliza kamera, haitulizi ua.

“ISO isizidi 100.” Nani kasema? ISO ni wepesi wa sensa kupokea mwanga; chenga za ISO 1600 programu huzipunguza. Ua lililotikisika halina dawa.

“Bila jua kali rangi hazitoki.” Kinyume chake. Jua la saa sita huchoma petali nyeupe na kuacha vivuli vyeusi. Mawingu ndiyo rafiki yako. Kwa Kniphofia, yale maua ya rangi ya chungwa yaliyosimama kama mienge, tazama histogramu (ule mchoro wa mwanga kwenye kioo cha kamera) ya rangi nyekundu peke yake, kwa sababu nyekundu hujaa mapema huku histogramu ya jumla ikikwambia mambo shwari. Mawingu yakikosekana, fungua mwavuli: unakinga jua na upepo kwa pamoja. Mweupe tu, tafadhali. Wa rangi utalipaka ua rangi yake. Wateja hucheka mwavuli wangu asubuhi, mchana wanauazima.

“Nichume moja tu nikalipige chumbani.” Hili silijibu kwa upole. Kitulo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa sababu ya maua hayo hayo, baada ya viazi vya okidi kuchimbwa kwa wingi na kuvushwa hadi Zambia kupikwa chikanda, chakula cha huko. Ukichuma, safari yako na mimi imeishia hapo, na pesa sirudishi.