Zinki na saratani: maswali kutoka Kigoma

Mjomba wangu hapa Mwanga ana saratani ya tezi dume. Jirani kamwambia anywe vidonge vya zinki, eti wataalamu wamethibitisha vinaua saratani. Ni kweli?

Kilichoonekana ni kidogo kuliko hicho. Tezi dume yenye afya hulimbikiza zinki nyingi. Ikipata saratani, zinki hiyo hupungua sana. Watafiti walipokuza seli za saratani hiyo maabara na kuziwekea zinki, nyingi zilikufa. Lakini mle kwenye kichupa seli zinaogelea ndani ya zinki, hazina pa kukimbilia. Kidonge hupita tumboni kwanza, utumbo hupima kiasi cha kuingiza, kisha kwenye damu zinki husafiri ikiwa imeshikwa na protini. Na seli zenyewe za saratani zimeshapunguza milango ya kuipokea! Tena, hata sabuni ya mche ukiitia kwenye kichupa kile, seli zitakufa.

Akimeza nyingi ataumia?

Ndiyo. Kiwango cha juu kwa mtu mzima ni miligramu 40 kwa siku, chakula kikiwamo. Vile vidonge vya watoto wanaoharisha vina miligramu 20 kila kimoja, kwa hiyo vitatu tu ameshapita. Zinki ikizidi kwa muda mrefu huzuia mwili kufyonza shaba, mtu akaishiwa damu na kupata ganzi miguuni.

Nasikia madini ya chuma nayo hulisha saratani. Aache dagaa?

Asiache. Ni kweli seli za saratani zina uroho wa chuma, maana zinaihitaji kutengeneza DNA, yaani maelekezo ya urithi ndani ya seli, ili zigawanyike, na maabara zikinyimwa hudorora. Ila damu yake nayo inaitaka. Dagaa wa Kibirizi wabaki mezani. Vidonge vya kuongeza damu ndivyo vya kumwuliza daktari.

Hakuna metali hata moja iliyotoka maabara ikawa dawa?

Ipo, platinamu. Mwaka 1965 huko Marekani, mtafiti Barnett Rosenberg alipitisha umeme kwenye bakteria, wakaacha kugawanyika, wakarefuka kama nyuzi. Kumbe si umeme, ni platinamu iliyotoka kwenye vipitisha umeme vyake. Dawa iliyotokana na platinamu hiyo, sisplatini, iliidhinishwa Marekani mwaka 1978, baada ya kujaribiwa kwa wanyama, kisha kwa wagonjwa. Leo hutumika hata kwa saratani ya mlango wa kizazi. Huumiza figo, ndiyo maana mgonjwa hutundikiwa dripu za maji mengi.

Kwa hiyo mjomba afanyeje na vidonge alivyokwisha kununua?

Avibebe, na kopo lake, siku ya kliniki pale hospitali ya Maweni. Daktari asome dozi mwenyewe.