Je, wajua kwa nini kikokotoo cha sola kina betri ndani?

Chukua kikokotoo cha sayansi, mfano Casio fx-991ES PLUS, uzibe kwa kidole gumba kile kipande cheusi kilicho juu ya skrini, yaani sola yenyewe. Namba hazipotei. Kinachozishikilia ni betri ya kitufe, LR44, yenye volti 1.5.

Wengi hudhani sola inaichaji betri hiyo, kama zilivyo taa za sola. Hapana. LR44 ni ya alkali, haichajiki; ukiilazimisha inaweza kuvimba na kuvuja. Ndiyo maana umeme wa sola huzuiwa usiifikie, kwa kawaida na dayodi, ambayo hupitisha umeme upande mmoja tu. Mwanga ukitosha, sola hubeba mzigo. Ukififia, betri inaingia kazini na wewe huoni tofauti.

Kipande chenyewe hakihitaji jua kali. Ni silikoni isiyo ya fuwele, tabaka jembamba sana juu ya kioo, na hufanya kazi vizuri hata chini ya taa za ndani. Sanyo ya Japani ilianza kuitumia kwenye vikokotoo mwaka 1980. Kitazame kwa karibu: ile mistari myembamba inakigawa katika vyumba, mara nyingi vinne, vilivyoungwa kwa mfuatano ili volti zijumlishwe.

Betri huisha hata kikokotoo kikilala kwenye droo, maana gizani ndiyo inayolinda kumbukumbu. Casio hushauri ibadilishwe kila miaka 3 hata kama mambo yanakwenda sawa. Ushauri huo ufuatwe, kwa sababu betri iliyokwisha huvuja na kula vibati vinavyoigusa. Ukikuta unga mweupe au wa kijani, chovya pamba kwenye siki kidogo, futa, kausha kabisa.

Kubadilisha ni rahisi. Zima, fungua skrubu za mgongoni kwa bisibisi ndogo ya nyota, weka LR44 mpya (kwa mafundi saa mara nyingi imeandikwa AG13, ni ileile) ukifuata alama ya +. Funga, kisha bonyeza ON, SHIFT, 9, 3, =, AC. Vilivyohifadhiwa vyote vitafutika, kwa hiyo usiifanye kazi hii asubuhi ya mtihani.

Kwenye kikokotoo cha bei ya chini, ukitaka kujua kama sola yake inafanya kazi, toa betri, kiweke kwenye mwanga mkali, ubonyeze ON. Kisipowaka, ama waya wa sola umekatika, ama hicho kipande cheusi ni plastiki tupu ya mapambo.