Nyumba ya urithi hubaki ya mwenyewe

Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, wengi huamini kuwa nyumba ikitangazwa ya urithi, serikali imeshaichukua na mwenyewe hana kauli. Si kweli. Chini ya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006, Waziri hutoa tangazo katika Gazeti la Serikali, na watu hupewa muda wa kuwasilisha mapingamizi kabla tangazo halijathibitishwa au kufutwa. Hati haihami: mwenyewe anaishi, anapangisha, anarithisha. Kinachobanwa ni kubomoa na kubadilisha jengo bila kibali, na huo ni mzigo wa kweli kwa familia yenye dari ya boriti iliyooza. Ndiyo maana pingamizi liandikwe, lenye sababu, na lifike mapema. Manung'uniko ya barazani hayaingii kwenye jalada.