Jengo refu halibebwi na msingi wa jengo la kale
Kuna ujumbe usiokoma kuzunguka kwenye magrupu: eti jengo refu la ofisi lililojengwa palipokuwa na jengo la kihistoria limekalia msingi uleule wa zamani, basi litaanguka. Si kweli. Msingi ule ulibeba ghorofa chache tu. Kwa jengo refu huchimbwa upya, na mara nyingi nguzo za zege hushushwa hadi udongo mgumu au mwamba.

Kinachochanganya ni ukuta wa mbele wa mawe wa jengo la kale, ambao mara nyingine huachwa makusudi kutunza historia. Wakati wa uchimbaji hushikiliwa na fremu za chuma. Sogea karibu: pale ukuta huo unapokutana na jengo jipya, mara nyingi kuna mstari mwembamba ulionyooka, umejazwa kitu laini kama mpira. Huo si ufa, ni kiungo, yaani nafasi iliyoachwa makusudi ili sehemu hizo mbili zisogee kidogo bila kupasuka.

Tafadhali, usiusambaze ujumbe huo. Wanaofanya kazi humo wanatishika bure. Ukiwa na shaka, ulizia michoro kwa mamlaka iliyotoa kibali cha ujenzi.