Kusoma chati hakutoshi: maswali kuhusu kuchunguza macho ya wazee

Kwa nini tafiti za upofu huwalenga watu wenye miaka 50 na kuendelea?

Kwa sababu wengi wa wasioona wamo katika rika hilo. Katika uchunguzi wa namna hiyo uliofanyika Nakuru, Kenya, mwaka 2005, watafiti waliwafuata watu majumbani. Hilo ni jambo la msingi, kwani mzee aliyekwisha kupoteza uwezo wa kuona ndiye mwenye nafasi ndogo zaidi ya kufika hospitali.

Chati ya herufi E hutumikaje, na hugundua nini?

Mzee hukaa mita 6 kutoka kwenye chati, hufunika jicho moja, kisha huonyesha kwa mkono upande ambao miguu ya E imeelekea, kwa hiyo hata asiyejua kusoma hupimwa vizuri. Kila jicho hupimwa peke yake, maana jicho zima huweza kuuficha ubovu wa lile jingine kwa miaka mingi. Akishindwa, hutazama kupitia kitundu kidogo: akiona vizuri zaidi, huenda anahitaji miwani tu, asipoona, mboni humulikwa kwa tochi, na weupe ndani yake huashiria mtoto wa jicho. Ugonjwa huu hauondoki kwa dawa ya matone wala ya mitishamba, bali kwa upasuaji wa kutoa lenzi iliyopata ukungu na kuweka ya bandia. Wengi bado huambiwa wasubiri hadi ukomae. Hakuna haja hiyo, na kusubiri kunawaumiza.

Mzee aliyesoma mistari yote ana macho mazima?

La, na hapa ndipo ninapoziona kambi nyingi za macho za siku moja zikikosea, zinapomwambia mtu kama huyo kwamba hana tatizo lolote. Glakoma, ambayo watu huiita presha ya macho, huharibu polepole na bila maumivu mshipa wa fahamu unaopeleka taarifa kwenye ubongo, ikianza kwa kawaida kula uono wa pembeni huku ule wa katikati ukibaki safi. Hata hilo jina la presha hupotosha: kiwango cha kawaida ni kati ya 10 na 21 kwa milimita za zebaki, lakini wapo wagonjwa wengi ambao presha yao haivuki hapo. Ndiyo maana mtaalamu hana budi kuutazama mshipa wenyewe nyuma ya jicho na kupima upana wa uono. Kilichopotea hakirudi, dawa na upasuaji hulinda kilichobaki.

Basi kwa nini wasipimwe watu wote?

Kwa sababu katika umma mzima wenye glakoma ni wachache, na vipimo vingewapeleka hospitalini wengi wasio nayo. Hata Uingereza haina mpango wa kuitafuta kwa kila raia. Badala yake, huko England upimaji wa macho ni bure kwa wenye miaka 60 na zaidi, na kuanzia 40 kwa aliye na mzazi, ndugu wa damu au mtoto mwenye glakoma. Utaratibu huo wa kufuata ukoo unatufaa, kwani glakoma huwapata watu wenye asili ya Afrika mapema zaidi. Mgonjwa anapogunduliwa kliniki, aulizwe ndugu zake wako wapi, nao waitwe.

Na mtu anayeona mistari iliyonyooka kama imepinda?

Afunike jicho moja na kutazama fremu ya mlango, kisha jingine. Ikipinda kwa jicho mojawapo, huenda kitovu cha retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kimedhurika, na anapaswa kuonwa na daktari wa macho ndani ya siku chache.